Siku Tatu za Rehoboamu

Somo: 1 Wafalme 12:1-20





Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, ndugu zetu wawili walisimama chini ya mwembe karibu na ofisi ya kanisa wakabishana kwa sauti iliyosikika mpaka kule akina mama walikokuwa wakipika chai. Mmoja ni meneja katika kampuni fulani ya hapa Mombasa. Mwingine ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kampuni hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa wametoka kupiga magoti kwenye meza moja ya Bwana, tena mmoja wao ndiye aliyesoma somo la Injili siku hiyo. Habari zenyewe za ubishi wao hatuzitaji, maana shauri lao halijaisha, wala si kazi ya gazeti letu kuwa hakimu. Lakini tangu siku ile wengi wametuuliza: Kanisa lasema nini juu ya vyama vya wafanyakazi na migomo? Na wengine, watu wazima wenye heshima zao, wametuvuta pembeni wakatusihi tusiseme neno. Wasema mambo ya mishahara ni siasa, nayo siasa ibaki nje ya mlango wa kanisa.

Tumeyafikiri maneno yao. Lakini kama mambo ya mishahara hayana nafasi kanisani, itatubidi tuchukue mkasi tuikate Biblia. Tutaanza na Kutoka sura ya 5, ambapo wanyapara wa Israeli walimwendea Farao kulalamika kwamba watu wananyimwa majani huku wakidaiwa matofali kwa idadi ile ile. Tutakata Kumbukumbu la Torati 24, inayoamuru mtu wa mshahara alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Tutamkata Nehemia, tutamkata Yakobo, na mfano wa Bwana mwenyewe juu ya mwenye shamba la mizabibu tutaubakiza nusu. Afadhali tuuweke mkasi chini, tusome.

Habari tuliyoichagua ni ya Rehoboamu mwana wa Sulemani. Twaijua tangu Shule ya Jumapili kama habari ya kijana aliyekataa shauri la wazee, na mara nyingi twaitumia kuwakemea vijana wetu. Tukiisoma polepole twaona kwamba ni habari ya kazi.

Sulemani alijenga. Sifa hiyo tunaiimba. Lakini mwandishi wa Wafalme hakutuficha hesabu ya jasho. Katika sura ya 5 twasoma kwamba mfalme alitoza shokoa ya watu 30,000, akawapeleka Lebanoni 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja huko na miezi miwili nyumbani. Tena alikuwa na watu 70,000 waliochukua mizigo na 80,000 waliochonga mawe milimani, na juu yao wasimamizi 3,300. Wachukuzi wa mizigo! Watu wa Mombasa, neno hilo twalijua bila kufasiriwa. Nyumba ya Mungu ilijengwa kwa miaka 7. Nyumba ya mfalme mwenyewe ilijengwa kwa miaka 13. Na meza ya mfalme kwa siku moja, yasema sura ya 4, ilikula ng'ombe 10 walionona, na ng'ombe 20 wa malishoni, na kondoo 100, bila kuhesabu wanyama wa porini na kuku. Hatusemi Hekalu lilikuwa kosa. Utukufu wa Bwana uliijaza nyumba ile. Ila Biblia ile ile inayotuonyesha dhahabu yatuonyesha pia mabega yaliyobeba mawe.

Basi Sulemani akafa, akazikwa. Watu wakakutana Shekemu kumfanya mwanawe mfalme. Hapo, kabla ya sherehe, wakamletea neno. Tulitazame neno lao, maana lote limo humo. Hawakusema hawamtaki. Hawakuja na mawe mkononi. Walisema baba yake aliifanya nira yao kuwa nzito. Yeye aupunguze utumishi ule mzito, nao watamtumikia. Ni maneno ya watu wanaotaka kuendelea na kazi. Mtu aliyekwisha kukata tamaa haji kuomba nira ipunguzwe. Huyo huondoka usiku, au huanza kuiba.

Rehoboamu akasema waende, warudi baada ya siku tatu. Hapo hakukosea hata kidogo. Twapenda kumsifu kwa siku zile tatu, maana wako waajiri ambao barua ya wafanyakazi hukaa mezani kwao miezi tisa. Hata sheria ya nchi yetu, ile ya mwaka 2007 juu ya uhusiano wa kazi, yataka taarifa ya mgomo itolewe kwa maandishi siku 7 kabla. Siku hizo zimewekwa ili watu waseme na kusikizana. Zikitumiwa kuwatafuta vibarua wa kushika nafasi za wenzao, au kutafuta ni nani aliyeiandika barua, basi zimepotea.

Mfalme aliuliza pande mbili. Wazee waliokuwa wakisimama mbele ya baba yake walimshauri awe mtumishi wa watu hao siku ile, awajibu, aseme nao maneno mazuri, nao watakuwa watumishi wake siku zote. Tumelisoma shauri hilo mara nyingi, na jambo moja latushangaza kila mara. Wazee hawakutaja kiasi. Hawakusema apunguze nusu au robo. Huenda walijua kwamba hazina ilikuwa tupu. Sulemani alikuwa amekwisha kumpa Hiramu miji 20 ya Galilaya. Walichoshauri kwanza ni jinsi ya kujibu. Mfalme mwenyewe awe mtumishi, kwa siku moja tu! Ndipo vijana waliokua pamoja naye, waliokula kondoo wale bila kuwachunga, wakamfundisha jeuri, na siku ya tatu akawaambia watu kwamba nira ataiongeza, na palipokuwa na mijeledi patakuwa na nge.

Watu walikwenda zao. Mfalme akamtuma Adoramu, aliyekuwa juu ya shokoa, naye akapigwa mawe akafa. Rehoboamu akapanda gari lake upesi akakimbilia Yerusalemu. Ufalme wa Daudi ukapasuka, wala haukuungana tena. Maandiko yasema kwamba jambo hilo lilitoka kwa Bwana, ili litimie neno alilolisema kwa kinywa cha Ahiya. Lakini hatuoni mahali popote Maandiko yanapomwondolea Rehoboamu lawama ya ulimi wake.

Hapa mjini tunayo Shekemu yetu. Wengine wenu mlisimuliwa na babu zenu.

Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa ajili ya mishahara na kodi za nyumba. Ikaundwa tume, watu wakaulizwa, ripoti ikaandikwa, yakatoka marekebisho machache. Vikaja vita, bei ya chakula na nguo ikapanda. Mwaka 1945 ikaandikwa ripoti nyingine. Halafu Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wakabaki nyumbani: makuli wa Kilindini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Mji ukanyamaza. Kila siku walikutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na mgomo ukaendelea siku 12. Madai yao yalikuwa yale tunayoyajua hata leo, yaani mshahara sawa kwa kazi iliyo sawa, posho kwa mke na watoto, na kufikiriwa kwa gharama za maisha. Lakini pamoja na hayo walitaja jambo ambalo haliwezi kutiwa katika bahasha ya mshahara. Walilalamikia dharau. Walisema Mwafrika hapewi heshima popote afanyapo kazi. Mtu mwenye watoto watano na ndevu zenye mvi aliitwa «boi».

Ni kama shauri la wale wazee wa Sulemani liligeuzwa likawa hati ya madai: tunenee maneno mazuri.

Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kutoka Nairobi akawasihi warudi kazini, nao wakarudi kwa ahadi kwamba madai yatasikizwa. Yakasikizwa mbele ya Jaji Thacker, na wengi wakapata nyongeza. (Jaji huyo huyo ndiye baadaye aliyemhukumu Mzee Kenyatta kule Kapenguria.) Lakini kiongozi wa chama chao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa kuzuiliwa Baringo, akakaa huko miaka 10 hivi. Kwa hiyo watu walijibiwa kwa mikono miwili, mmoja ukitoa senti na mwingine ukishika pingu. Hatushangai kwamba haukuwa mgomo wa mwisho. Mwezi wa Machi 1955 makuli waligoma tena. Safari hiyo alikuja Tom Mboya, kijana wa miaka 24, akaenda kwa wafanyakazi, akaenda kwa waajiri, akarudi tena kwa wafanyakazi, hata pande mbili zikakaa meza moja. Mgomo ulikwisha kwa siku chache.

Twaweza kusema, hayo yalikuwa ya wakoloni. Ndiyo, wakoloni wamekwenda. Tangu mwaka 2010 Katiba yetu, katika kifungu cha 41, yasema wazi kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, haki ya kuingia katika chama na haki ya kugoma. Na mwajiri naye ana haki ya kuwa na chama chake. Lakini kwani Rehoboamu alikuwa mgeni? Alikuwa mtu wa damu yao, wa kabila la Yuda, mjukuu wa Daudi. Dharau haina rangi. Tumewahi kusikia katika parishi hii hii, tena kwa masikio yetu, Mkristo aliyepandishwa cheo akisema juu ya watu aliokuwa akila nao mhogo miaka miwili iliyopita kwamba «watu hawa hawawezi kuelewa ila kwa kusukumwa».

Na kuna watu wasio na chama hata kimoja, nao ndio wengi. Tunawaita vibarua. Je, mmepata kulifikiri neno hilo? Ni barua ndogo, cheti. Karne ya 19 hapa pwani mtumwa aliweza kukodishwa kwa kazi ya siku, na jioni bwana wake akachukua sehemu ya ujira. Utumwa ulikomeshwa pwani yetu mwaka 1907, lakini neno lilibaki, na lango la kungojea likabaki. Alfajiri wanaume wamesimama, anatoka mtu mwenye daftari, anaita majina ishirini, wengine mia wanarudi nyumbani kwa miguu. Bwana Yesu aliliona lango hilo. Katika Mathayo 20 saa ya kumi na moja wapo watu waliosimama sokoni, wakiulizwa kwa nini, wasema hakuna aliyewaajiri. Hawakuambiwa ni wavivu. Walipelekwa shambani, na jioni wakapewa dinari nzima, kwa kuwa watoto wa mtu aliyeajiriwa saa ya kumi na moja hawali robo ya chakula.

Wakristo wa Kianglikana wa Mombasa tusidhani kwamba mikono yetu katika mambo haya ni mieupe. Frere Town iliyoanzishwa mwaka 1875 iliwapokea watumwa waliookolewa baharini, na twalipenda jambo hilo, na kengele yake ingalipo Kengeleni. Lakini miaka michache tu baadaye palikuwa na malalamiko kwamba wasimamizi wa misheni waliwapiga viboko watu waliokwisha kuwa huru. Halafu mwaka 1919 Gavana Northey aliwaamuru maofisa wake wawahimize Waafrika, hata wanawake na watoto, waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua maana ya kuhimizwa na ofisa wa Serikali. Askofu wetu wa Mombasa, pamoja na Askofu wa Uganda na Dokta Arthur wa Kanisa la Scotland, wakaandika waraka. Walionyesha mabaya ya amri ile, na hilo ni kwa sifa yao. Lakini wakakubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuruhusiwa, mradi iwe kwa sheria na kwa manufaa ya nchi. Ndipo Askofu Frank Weston wa Zanzibar akakataa kabisa. Aliandika kijitabu mwaka 1920 akawaita watu waliolazimishwa hivyo watumwa wa Uingereza, akasema mbele ya wakubwa wa nchi yake kwamba Injili haipatani na jambo hilo. Mwaka uliofuata Serikali ya London ikaagiza kwamba Serikali isiwalazimishe tena watu kumfanyia kazi mtu binafsi.

Maaskofu watatu wa Kanisa moja, na Maandiko yale yale. Hatuandiki haya ili kuwahukumu marehemu. Twaandika kwa sababu kila mara tunaposhauriwa kunyamaza kwa hekima, twaona kwamba yako makaburi mawili ya kuchagua, na watu bado wanalitaja moja.

Lakini ninyi wa chama msishangilie upesi, maana habari ya Shekemu haikuisha kwa Rehoboamu kukimbia.

Yeroboamu, aliyesimama na watu mbele ya mfalme, alikuwa nani? Sura ya 11 yasema Sulemani alimwona kuwa kijana hodari wa kazi, akamweka juu ya kazi yote ya nyumba ya Yusufu. Alikuwa msimamizi, basi. Aliona shokoa kwa macho yake, akainua mkono juu ya mfalme, akatafutwa auawe, akakimbilia Misri. Tungemwita leo shujaa wa wafanyakazi, tena kwa haki. Na walipomfanya mfalme alifanya nini? Aliogopa. Aliona kwamba watu wakipanda kwenda kuabudu Yerusalemu mioyo yao itarudi kwa mwingine, naye atapoteza kiti. Kwa ajili ya kiti akafanya ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mmoja Dani, akawaambia watu kwamba safari ya Yerusalemu inawachosha. Kumbe bado ni yule yule aliyeomba nira ipunguzwe!

Ndama hao tumewaona. Katibu wa tawi anayekaa madarakani miaka kumi na mitano, na mwanachama akiuliza hesabu za michango aambiwa ni msaliti aliyetumwa na kampuni: huyo ana ndama. Yuko anayeitisha mgomo wakati wa uchaguzi wa chama ili kumshinda mpinzani wake, akijua wazi kwamba mezani hakuna shauri. Mwingine huonana na meneja usiku katika hoteli, akatoka na bahasha, na asubuhi akawaambia watu kwamba kampuni imekataa kabisa na hakuna la kufanya. Watu waliompa kura walitoa michango hiyo katika mshahara usiotosha. Hatujui dhambi ya kazini iliyo karibu zaidi na ile ya Yuda.

Tena neno juu ya Adoramu. Tunasoma haraka kwamba alipigwa mawe, na pengine mioyo yetu inafurahi kidogo. Lakini Adoramu alitumwa. Jawabu la jeuri halikutoka kinywani mwake. Tangu siku ile mpaka leo, mgomo ukigeuka ghasia, anayeumia ni karani, au dereva wa basi, au askari wa lango mwenye mshahara mdogo kuliko wa mrusha jiwe; mwenye gari la kukimbilia huwa amekwisha kufika Yerusalemu. Mfanyakazi Mkristo aweza kugoma, twasema hivyo bila kutafuna maneno, akiisha kuomba kwa adabu, na kungoja, na kujibiwa kwa nge. Kuweka mikono chini si dhambi. Kuiinua na jiwe ndani yake ni jambo jingine, hata kama yule mwenzake aliyeingia kazini amemwudhi sana. Huenda ana mtoto hospitali.

Liko jambo jingine dogo, tena latuuma kuliandika. Wewe unayedai nyongeza bandarini au hotelini au shuleni, msichana wako wa kazi alilipwa lini? Anaamka kabla yako, analala baada yako, Jumapili unamwacha alinde nyumba ili wewe uje kuimba. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara, na watumishi wa nyumbani wamo katika tangazo hilo, tafuteni msome. Tumeshuhudia ndugu aliyesimama kwenye mkutano wa chama akahubiri juu ya jasho la maskini mpaka watu wakapiga makofi, akarudi nyumbani akamwambia yule msichana angoje mwezi ujao. Nyumbani kwake yeye ndiye menejimenti.

Wale ndugu wawili wa mwembeni wamekubali kuja nyumbani kwa kasisi Alhamisi jioni. Hatutaamua shauri lao. Lina mahali pake, na likishindikana iko mahakama ya kazi. Tutawapa chai, na tumewaomba kila mmoja aje na jambo moja ambalo mwenzake amelifanya vizuri mwaka huu. Meneja alisema anahitaji muda wa kufikiri. Yule wa chama alisema hata yeye.

Hatuwezi kuifunga kalamu bila kusema habari yetu wenyewe, sisi wa Halmashauri ya Kanisa, maana wengine wenu mwaijua na mmekuwa mkitusikiliza tukihubiri.

Kabla ya Pasaka, mzee anayelinda lango la kanisa letu, pamoja na mama anayefagia na kufua vitambaa vya madhabahu, walimtuma mtu kwetu. Walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Muhula mpya wa shule ulikaribia, nao waliomba walipwe hata nusu. Mmoja wetu alisema kazi ya Mungu ni sadaka, na thawabu yake iko mbinguni. Mwingine alisema kama hawatosheki, vijana wanaotafuta kazi wamejaa mjini. Tulicheka. Ndiyo, tulicheka, na kasisi wenu alikuwa miongoni mwetu. Kisha tukaenda kwenye ajenda iliyofuata, nayo ilikuwa vipaza sauti vipya vya kanisa, pesa zikapatikana.

Mzee hakugoma. Kila jioni alikuja, akawasha taa ya lango, akazunguka na rungu lake. Lakini kila Jumapili watu walipokwenda mezani, yeye alibaki nje. Tulidhani analinda magari yetu. Ilikuwa miezi miwili kabla ya mama mmoja wa Muungano kumwuliza, «Baba, mbona huji mezani siku hizi?» Akamjibu, «Mwanangu, Bwana amesema ndugu akikukosa umwendee. Mimi nilikwenda. Sasa ni zamu yao.»

Mama yule alituletea neno hilo kama lilivyo, katika mkutano, wala hakuna aliyecheka.

Miezi miwili imekwisha kulipwa, kwa mzee na kwa mama pia. Wa tatu utalipwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, na mweka hazina ameagizwa kwamba mishahara itangulie kila malipo mengine, hata ya kasisi. Tumewaandikia barua za kazi, jambo ambalo hatukulifanya kwa miaka tisa. Jumamosi iliyopita kasisi na walinzi wawili wa kanisa walikwenda nyumbani kwa mzee kumwomba radhi. Alitukaribisha vizuri, akamwita mjukuu atuletee viti, akatutilia chai. Alizihesabu noti mbele yetu mara mbili, akatia sahihi katika daftari. Akasema amesikia.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Wakati wa Ushirika alibaki langoni. Tulipotoka alitusalimu kama siku zote.